Asiyehesabiwa Hapangiwi



Tuanze na jambo lililotokea wakati wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mwaka 1989 Kenya ilifanya utafiti wake mkubwa wa kwanza wa idadi ya watu na afya, ule unaojulikana kwa ufupi kama KDHS. Ukarudiwa 1993, ukarudiwa tena 1998. Mara zote tatu Mkoa wa Kaskazini Mashariki haukuwemo. Garissa, Wajir, Mandera, hakuna nyumba hata moja iliyopigwa hodi. Wilaya nyingine za kaskazini, kama Isiolo na Marsabit, nazo ziliachwa. Hesabu iliyotajwa ni kwamba watu wa sehemu zote hizo hawafiki hata 4% ya wananchi. Basi.

Ilibidi tungoje mpaka 2003 ndipo utafiti huo ukafika nchi nzima kwa mara ya kwanza. Miaka 40 baada ya uhuru.

Na waliofika 2003 walikuta nini? Katika mkoa mzima, mtoto aliyekuwa amepata chanjo zote za msingi hakufika 1 kati ya 10. Mama aliyejifungulia hospitalini naye hakufika 1 kati ya 10. Hali hiyo haikuanza mwaka huo. Akina mama walikuwa wakifa kwa uzazi miaka na miaka, na watoto wakizikwa kwa surua. Wenyeji walijua, maimamu waliosalia hizo jeneza walijua, lakini katika ofisi zinazogawa pesa Nairobi hakukuwa na karatasi inayosema hivyo. Na kwa serikali, kisichokuwa kwa karatasi hakipo.

Ndiyo maana leo tunataka mkae na sisi kidogo juu ya hizi tafiti za afya. Tunajua mada yenyewe inasikika kavu. Lakini humo ndimo inakoamuliwa kama mtaa wenu utapata dispensari, ambulensi, neti ya mbu au chanjo.

NYUMBA MOJA, MAJIRANI 300

Hebu tueleze kwanza kazi yenyewe inavyofanyika. Utafiti wa KDHS si kama sensa. Sensa inapita kila nyumba. Hapa idara ya takwimu, KNBS, inachagua nyumba chache kwa bahati nasibu. Mwaka 2022 walichagua maeneo 1,692 kote nchini, na kila eneo karibu nyumba 25. Jumla yake ni kama nyumba 42,000. Kulingana na sensa ya 2019, Kenya ina nyumba zaidi ya milioni 12. Piga hesabu. Kwa wastani, nyumba moja iliyochaguliwa inazungumza kwa niaba ya nyumba karibu 300.

Sasa yule mwenye tableti akibisha kwenu, mkamwambia "mama hayuko", haruhusiwi kwenda kwa jirani badala yenu. Kanuni ya utafiti haikubali kubadilisha nyumba. Nafasi inabaki tupu. Na kama mtaa mzima umefunga milango, kaunti yenu itaandikwa kwa majibu ya wachache waliokubali, ambao pengine hali yao haifanani na yenu kabisa.

Kuna jambo jingine la kujua. Mpaka utafiti wa 2008-09, matokeo yalitolewa kwa mikoa. Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta zote zilitiwa chungu kimoja kiitwacho Pwani. Mama wa Tana Delta alihesabiwa pamoja na mama wa Nyali. Utafiti wa 2014 ndio wa kwanza kutoa matokeo kwa kila kaunti peke yake. Kwa hivyo kijana wa leo ana silaha ambayo baba yake hakuwa nayo: anaweza kushika namba ya kaunti yake mwenyewe, akaiweka mbele ya gavana wake.

NAMBA ZIKIFIKA MEZANI

Watu huuliza, hizi tafiti zimewahi kubadilisha nini? Tuangalie mifano minne.

Wa kwanza ni ukimwi. Mwaka 2007 kulifanywa utafiti wa kitaifa uliopima damu, na ikaonekana kwamba katika kila watu 5 walioishi na virusi, 4 hawakujua. Hebu fikiria. Serikali ilikuwa na dawa, ilikuwa na vituo, ilikuwa na mabango barabarani, na bado watu wengi walitembea bila kujua. Baada ya hapo mkazo ukahamia kwenye kupima: wahudumu wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba, na kila anayekwenda hospitalini kwa ugonjwa wowote akawa anaulizwa kama angependa kupimwa. Utafiti uliporudiwa 2012, karibu nusu ya walioishi na virusi walikuwa wanajua hali yao.

Wa pili ni uzazi. KDHS ya 2008-09 ilisema wanawake 488 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kwamba ni 44% tu ya watoto waliozaliwa mikononi mwa mkunga au daktari aliyesomea kazi. Hizo namba zilisomwa bungeni, zikaandikwa magazetini, wanaharakati wakazishika. Juni 2013 ada ya kujifungua katika hospitali za serikali ikaondolewa, na baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama. Hatusemi utafiti peke yake ndio ulioleta hilo. Siasa ilikuwemo, na ahadi za kampeni zilikuwemo. Lakini bila ile namba hakuna aliyekuwa na hoja ya kushikilia. Na matokeo? Kina mama waliosaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi walipanda mpaka 62% mwaka 2014, na 89% mwaka 2022.

Wa tatu unatuhusu moja kwa moja. Baada ya sensa ya 2009, wataalamu walikokotoa vifo vya uzazi kwa kila kaunti. Mandera ikatoka na 3,795 kwa kila watoto 100,000. Namba hiyo ilishtua dunia nzima. Kuna waliobishana nayo, na kweli hesabu ya vifo ni ngumu mahali ambapo watu huzikwa siku hiyo hiyo bila cheti. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2015 mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yalianzisha mpango maalum wa afya ya mama na mtoto katika kaunti sita: Mandera, Wajir, Marsabit, Isiolo, Lamu na Migori. Tano kati ya hizo sita ni za kaskazini na Pwani, kwetu kabisa. Pesa, wakunga na vifaa vilikwenda kule namba ilikoelekeza. Wajir, ambako 2014 ni 22% tu ya uzazi uliosaidiwa na mtu mwenye ujuzi, ilifika 57% mwaka 2022. Bado haitoshi, lakini huwezi kusema ni sawa na zamani.

Wa nne ni malaria. Tafiti za malaria hupima damu ya watoto na kugawa nchi kwa kanda: ziwa, pwani, nyanda za juu, sehemu kame. Mwaka 2015 ukanda wa pwani ulikuwa na maambukizi 8%. Mwaka 2020 yakawa 5%. Ukiona neti za bure zinagawiwa Kwale na Kilifi na hazigawiwi Nyeri, si upendeleo. Ni damu iliyotolewa kidoleni kwa mtoto fulani, mzazi wake akakubali, ndiyo iliyoleta hizo neti.

WASTANI UNAFICHA

Sasa tahadhari. Ukisoma "89% ya akina mama Kenya wanasaidiwa na mhudumu mwenye ujuzi", utapiga makofi. Usipige bado. Nenda kwenye jedwali la kaunti. Mandera ni 55%, Tana River 59%. Kitaifa watoto 80% wamemaliza chanjo za msingi. Garissa ni 23%. Ishirini na tatu! Vihiga ni zaidi ya 90%. Nchi moja, katiba moja, bendera moja.

Na athari yake tumeiona. Mwaka 2013 polio ilirudi Kenya, na kitovu chake kilikuwa Dadaab na sehemu za Garissa. Watu 14 walithibitishwa kuugua. Virusi havikuchagua mahali kwa bahati mbaya. Vilikwenda kule ambako tafiti zilikuwa zimeshasema watoto hawajachanjwa.

Kilifi nayo, yenye bahari na mashamba na hoteli zote zile, ndiyo inayoongoza Kenya kwa watoto waliodumaa: 37% ya walio chini ya miaka mitano, kwa utafiti wa 2022, wakati wastani wa kitaifa ni 18%. Zaidi ya mtoto 1 katika kila 3 ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni. Mtoto huyo ataingia darasani akiwa nyuma kabla hajafungua daftari. Ukisikia mwanasiasa anasema kaunti imeendelea, muulize hiyo 37% imeshuka ngapi tangu aapishwe.

Na kuna watu ambao hata tafiti hizi hazifiki, kwa sababu zinatafuta watu majumbani. Wale ndugu zetu waliotekwa na unga, wanaolala maskani na mapangoni, hawana mlango wa kubishwa. Ilibidi zifanywe tafiti za peke yake, na zikaonyesha kwamba karibu 1 kati ya 5 wanaojidunga sindano ana virusi vya ukimwi. Ni baada ya ushahidi huo ndipo kliniki za methadone zikafunguliwa Malindi na Mombasa mwaka 2015. Tuko na vijana leo wanafanya kazi, wanalea watoto, kwa sababu kuna mtu alikwenda kuwahesabu pale maskani wakati sisi tulikuwa tunavuka barabara tusiwaone.

"LAKINI HAWA WATU TUTAWAAMINI VIPI?"

Swali hili ni la haki na hatutalidharau.

KDHS ya 2014 ilianza kazi mitaani mwezi Mei. Mwezi mmoja tu kabla, Aprili, ilikuwa ni operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Juni ikawa Mpeketoni, na Julai Lamu ikawekewa kafyu. Katika hali hiyo, mtu wa serikali anabisha mlango na kuuliza: mko wangapi, wanaume ni wangapi, wanatoka wapi? Ni nani angefungua kwa moyo mweupe?

Ukosefu wa usalama pia umetumiwa kama sababu ya kutuacha. Ule utafiti wa ukimwi wa 2012 tulioutaja haukufika Kaskazini Mashariki, sababu ikiwa ni usalama. Kwa hivyo tunapigwa pande mbili. Hofu inatufanya tufunge mlango, na wakati mwingine hofu yao inawafanya wasije kabisa. Matokeo ni yale yale: safu tupu kwenye jedwali.

Kwa hivyo jua haki zako. Kwanza, kushiriki ni kwa hiari. Lazima uelezwe utafiti ni wa nini, na unaweza kukataa swali lolote. Pili, Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Jina lako haliingii kwenye ripoti, na afisa anayevujisha anavunja sheria. Tatu, tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwambie akuonyeshe kitambulisho, mpigie chifu au mzee wa mtaa uhakikishe. Ukishahakikisha, fungua. Mtafiti akikosea adabu, akiuliza mambo ya vitambulisho na uraia yasiyo kwenye fomu, au akimhoji dada yako mbele ya watu, lalamika. Tuandikieni sisi pia.

Kuna wasiwasi mwingine tunausikia sana misikitini na kwenye barza: kwamba hizi tafiti zimeletwa ili kutupunguza uzazi. Tuseme wazi. Utafiti wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Mandera kwa wastani huzaa watoto 7.7, wa Nairobi 2.5. Kuna watu husoma hiyo namba na kutoa maoni ambayo hatuyapendi. Lakini karatasi hiyo hiyo inasema karibu nusu ya uzazi wa Mandera haupati mkunga mwenye ujuzi. Yaani mama anayezaa mara nyingi zaidi Kenya ni miongoni mwa wanaosaidiwa kidogo zaidi. Namba ni ile ile. Mwingine ataisoma aseme "wazae wachache". Wewe una haki ya kuisoma na kusema "tuleteeni wakunga". Ukinyamaza, atakayezungumza ni yule mwingine.

NANI ATALIPIA UTAFITI UJAO?

Kwa miaka mingi tafiti hizi ziliegemea msaada wa nje, hasa mpango wa Marekani wa DHS ulioanza 1984 na kusaidia nchi nyingi duniani. Februari 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha. Wengine wamejaribu kuziba pengo, lakini somo tumelipata: huwezi kutegemea jirani akuhesabie watoto wako.

Kama Kenya haitatenga pesa zake, tutakaa miaka bila namba mpya. Na namba zikikauka, wa kwanza kusahaulika ni wale wale waliosahaulika 1989. Nairobi itaonekana tu, ina hospitali, ina vyuo, ina vyombo vya habari. Banissa itaonekana na nani? Kiunga je?

Pesa za kaunti zinafuata hesabu pia. Fomyula ya kugawa mapato iliyopitishwa Seneti 2020 baada ya mvutano mrefu ilipima idadi ya watu kwa 18% na afya kwa 17%. Kwa hivyo chini ya fomyula hiyo kaunti isiyohesabika vizuri ilipoteza kwa mambo yote mawili.

SASA WEWE UFANYE NINI

Hatutaki umalize kusoma, uweke like, uende zako. Kuna kazi.

1. Tafuta namba ya kwenu. Ripoti ya KDHS 2022 iko bure kwenye tovuti ya KNBS. Nenda kwenye majedwali ya kaunti. Chukua mambo matatu tu: uzazi kwa mhudumu mwenye ujuzi, chanjo, na watoto waliodumaa. Yaandike kwa Kiswahili rahisi, au kwa lugha ya nyumbani, uweke kwenye grupu la mtaa na la familia.

2. Ijue kalenda ya bajeti. Kaunti hutoa mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Ukienda kulalamika Julai, wali umeshaliwa.

3. Nenda kwenye vikao vya umma. Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Usiende kusema "afya ni mbaya". MCA ameshazoea hiyo. Sema: "Kaunti yetu iko 23% kwa chanjo. Bajeti hii imetenga ngapi kwa friji za chanjo na pikipiki za kuzifikisha vijijini, na mwaka kesho mnataka tufike ngapi?" Swali lenye namba linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Lawama tupu huenda na upepo.

4. Omba habari kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 43 kinakupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vitumie pamoja katika barua moja.

5. Zungumza na wazee na maimamu. Mama yako na shangazi yako wanaogopa kufungua mlango kwa sababu wanazozijua. Waeleze kwa upole. Imamu akisema Ijumaa kwamba wahesabu wa afya watapita wiki ijayo na ni watu halali, milango itafunguka kuliko tangazo lolote la redio.

6. Jitokezeni kufanya hiyo kazi. KNBS inapotangaza nafasi za watafiti wa muda, ombeni, hasa dada zetu. Mama wa Wajir atamfungukia zaidi msichana anayezungumza lugha yake na kujua adabu za nyumba yake kuliko mgeni.

Tumelalamika kwa miaka mingi kwamba tunatengwa, na tuna kila sababu ya kulalamika. Lakini kilio kisicho na ushahidi hujibiwa kwa pole, na pole haijengi wodi ya wazazi. Namba tunazo sasa, za kila kaunti, zimeandikwa na serikali yenyewe. Haiwezi kuzikana.

Kabla ya Septemba tuandikieni chini hapa: kaunti yako, namba moja iliyokushtua, na jina la wadi yako. Tutazikusanya na kuzipeleka kwenye mabunge ya kaunti zikiwa pamoja. Wasambazie wenzako.